Mwaka Niliopika Bila Kuonja

Mwezi uliopita mwanamke mmoja alinipigia simu kutoka Dar es Salaam, akajitambulisha kuwa ni mjukuu wa Bibi Kanta, akaniambia kwamba bibi yake amefariki usingizini akiwa na miaka tisini na kitu. Nilimpa pole. Kisha akaniuliza kama bado nakumbuka vipimo vya halua ya suji iliyokuwa ikipikwa kule mlimani, kwa sababu familia ilitaka kuipika katika siku za maombolezo na hakuna aliyewahi kuviandika. Nilimsomea kutoka kwenye daftari langu: suji kiasi gani, samli kiasi gani, maziwa, sukari, iliki. Aliandika, akashukuru, tukaagana. Nilipoweka simu chini niliona kwamba nimempa jibu sahihi lisilotosha. Jinsi chakula kile kilivyopikwa haiwezi kusomwa kwenye simu, kwa kuwa jambo kubwa halikuwamo kwenye vipimo. Ndiyo maana sura hii inahusu mwaka mmoja tu, mwaka niliokuwa na miaka ishirini na mbili, mwaka mmoja kabla ya wakimbizi wengi wa Burundi kuanza kuingia kwetu.

Kilima chenyewe kiko upande wa Bangwe, juu ya ziwa, na hekalu lilikuwa jengo dogo jeupe lenye kuba moja na kengele moja. Ndani yake aliishi Mataji, yaani Mama, sanamu ya mungu wa kike wa Wahindu, ameketi juu ya simba, urefu wake haufiki mkono wangu kutoka bega hadi ncha za vidole. Nasema aliishi kwa sababu ndivyo Bibi Kanta alivyosema, na nyumba nzima ilipangwa kwa kufuata neno hilo. Asubuhi Mataji aliamshwa, akaogeshwa, akavishwa. Mchana alilishwa, kisha pazia likafungwa apumzike. Bibi Kanta alikuwa mjane aliyezaliwa Ujiji. Alizungumza Kiswahili chetu, akitia na Kiha anapotaka kutania, na asubuhi alitusalimu “mwakeye” kama mtu wa kijijini Kidahwe. Familia za Kihindu mjini zilikuwa zimehama moja baada ya nyingine hadi akabaki peke yake na ufunguo. Wakati huo baridi yabisi ilikuwa imemkunja vidole, na macho yake yalikuwa yameanza ukungu. Hakuweza tena kukoroga sufuria. Mimi nilikuwa mpishi wa gesti moja karibu na stesheni, nikipika samaki aina ya migebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, nikajiona fundi. Aliyenipeleka kwake ni Bi Zaituni, muuza dagaa wa Bangwe, ambaye pia alipandisha maji mlimani. Alimwambia, “Huyu kijana ana mkono mzuri, ila anajua hivyo.”

Jiko lilikuwa chumba cha nyuma, sakafu ya saruji nyekundu iliyosuguliwa hadi inateleza, meko mawili ya matofali, na dirisha moja lililotazama ziwa. Siku za hewa safi milima ya Kongo ilionekana ng’ambo, samawati, kama imechorwa na mtu mwenye wino kidogo. Masharti niliyopewa siku ya kwanza yalikuwa machache. Nisile samaki wala nyama siku ya kupika. Nioge kwanza kwenye bafu la nje, nivae shuka lililofuliwa, niache kandambili mlangoni. Vitunguu na vitunguu saumu visiingie. Hayo yote niliyapokea kwa urahisi. Sharti la mwisho nilidhani nimelisikia vibaya: nisionje. Si kwa ulimi, si kwa ncha ya kidole, si hata mchuzi wa dengu wa kila siku. Sufuria ya Mataji ikishaonjwa, alisema, imekuwa mabaki, na mgeni hapewi mabaki. Nikamuuliza nitajuaje kama chumvi imekolea. Akasema, “Utajua. Pua unayo, masikio unayo. Mungu hakukupa ulimi tu.”

Lazima nieleze ugumu wa jambo hili kwa mtu wa kwetu, kwa sababu halikuwa suala la mazoea ya jikoni pekee. Nyumbani kwetu mwenye nyumba hunywa kwanza. Pombe ikiletwa, mwenyeji hupiga funda moja mbele ya mgeni ndipo ampe, ili mgeni aone kwa macho kwamba hakuna kilichotiwa ndani. Mama akipakua, huonja kiganjani mbele yako. Kutoonja kunaweza kuchukuliwa kuwa unamficha mgeni jambo. Nilimweleza Bibi Kanta haya siku ya tatu au ya nne, nikiwa nachambua dengu na yeye ameketi kwenye kigoda nje ya kizingiti. “Kwenu mgeni anamwogopa mwenyeji,” alisema, “na mwenyeji anamtoa hofu. Ni adabu nzuri. Lakini hapa mgeni ni Mataji, naye hamwogopi mtu. Hofu yote ni ya kwako, Yeremia. Pika nayo.”

Nilipika nayo vibaya. Wiki ya kwanza dengu zilikosa chumvi kabisa, Bibi Kanta alikula baada ya sadaka kutolewa, akamaliza sahani, akasema, “Leo Mataji amefunga.” Wiki ya pili chumvi ilizidi, akaomba maji mara tatu bila kueleza sababu. Bi Zaituni alipofika na ndoo zake na kusikia habari yangu, alikaa chini kabisa ili acheke vizuri. “Mpishi haonji? Basi na mimi niuze dagaa bila kunusa. Yeremia, utaoa, mkeo atakuuliza mboga imeiva, utamwambia subiri nihesabu?” Alikuwa amegusa ukweli, kwa sababu kuhesabu ndiko nilikokimbilia. Nilinunua daftari la kurasa themanini, nikaanza kuandika kila kitu: vikombe, ngumi, vijiko, idadi ya kuni. Sikuwa na saa, kwa hiyo nilihesabu mizunguko ya mwiko. Suji kwenye samli, mizunguko mia mbili kwa moto mdogo. Ikifika mia na hamsini harufu hubadilika, ile ya ukuta uliolowa mvua hupotea, na inakuja harufu ya karanga zinazokaangwa. Bibi Kanta alinisikiliza nikihesabu kwa sauti, akaniongezea asichoweza mtu kuhesabu. Aliniambia nisikilize maziwa ya moto yanapomiminwa: kwanza sufuria hunguruma, kisha hunong’ona, na inaponyamaza kabisa, samli huwa imejitenga pembeni na halua imeiva. Alinifundisha kupima chumvi kwa uzito wake kiganjani, nikiwa nimefumba macho, hadi nikaweza kutofautisha kijiko kamili na kijiko kisichojaa. Kazi yangu leo ni kupima maji ya bomba kabla hayajapelekwa kwa watu. Shule niliyosoma inaishia darasa la saba. Kemia niliisoma peke yangu, kitabu baada ya kitabu. Watu huniuliza nilipopata subira ya kutazama tone likibadilika rangi kwenye chupa. Niliipata kwenye sakafu ile nyekundu, kwa mwanamke ambaye hakuwahi kunisifu kwa zaidi ya kuomba sahani ya pili.

Mahujaji walikuja mara moja kwa mwaka, mwezi wa kumi, katika siku tisa za Mataji. Walikuja kwa treni kutoka Tabora, Dodoma na Dar es Salaam, na wachache kwa boti kutoka Bujumbura, wote wapatao arobaini. Nilikuwa nimejiandaa kuona matajiri, kwa kuwa Mhindi niliyemfahamu ni yule wa nyuma ya kaunta. Walioshuka walikuwa watu waliochoka kwa safari ya siku mbili, wanawake wazee wenye vifurushi vya nguo, mwalimu, mshona viatu, vijana wawili waliooana mwaka huo. Kuanzia ufukweni walivua viatu. Njia ya kupanda ni ya mawe na kokoto nyekundu, na saa sita mchana jiwe la kwetu halikanyagiki kwa joto. Walipanda hivyo hivyo, taratibu, wakiimba, na bibi mmoja asiyeweza kusimama alipanda ngazi za mwisho akiwa ameketi, moja moja, akijisukuma kwa mikono, akikataa kubebwa. Miongoni mwao alikuwamo mzee mmoja fundi saa wa Tabora. Binti yake alikuwa amepona maradhi marefu, naye alikuwa ameweka nadhiri ya kuipima njia yote kwa mwili wake: analala kifudifudi, ananyoosha mikono mbele, anaweka alama kwa vidole, anasimama pale kwenye alama, analala tena. Alianzia majini.

Pale majini palikuwa na dagaa walioanikwa, mchanga mzima. Wanawake wa Bangwe walimwona akija, wakaulizana, kisha bila kuagizwa na mtu wakaanza kukusanya mikeka ya dagaa na kumfungulia njia, kwa sababu walijua watu hawa hawagusi samaki. Mvuvi mmoja akasema mzee amepotewa na kitu mchangani. “Anapima kiwanja,” alisema Bi Zaituni, “na wewe nyamaza, usije ukawa mpaka.” Huku akisema hivyo alichota maji ya ziwa kwa ndoo na kwenda mbele ya yule mzee, akinyunyizia mchanga ili usimchome kifua. Alifanya hivyo hadi mchanga ulipoishia, na hakuacha kutania hata hatua moja. Mimi nilikuwa nimeshuka kuchukua kuni. Nilipopanda kwa njia ya mkato nilimkuta fundi saa yule tena, katikati ya kilima, kwenye kona yenye vichaka ambapo huonekani kutoka juu wala kutoka chini. Wenzake walikuwa wametangulia. Alikuwa peke yake, viwiko vimechubuka, na hakujua kwamba nipo. Alilala chini kwa urefu wake wote, akanyoosha vidole, akaweka alama. Kisha akasimama, akaitazama alama kama mtu anayehakikisha, akarudisha mguu nyuma nusu unyayo, kwa kuwa alikuwa ameipita.

Kiongozi wa mahujaji aliitwa Bwana Jayanti, mfanyabiashara wa Tabora, mrefu, mwenye adabu, ambaye tangu siku ya kwanza alinitazama jinsi mtu anavyotazama daraja asilokuwa na hakika nalo. Siku ya saba alasiri nilikuwa naosha mchele, wao wakiwa barazani, na alizungumza na Bibi Kanta kwa Kiswahili, nadhani kwa makusudi ili nisikie. “Dada, sisemi ni mtu mbaya. Nasema hakuzaliwa katika mila yetu. Akiteleza, nani atajua?”

“Mimi nitajua,” alisema Bibi Kanta.

“Wewe huoni vizuri.”

“Kwa hiyo sidanganywi na sura.”

Bwana Jayanti hakucheka. Alisema kwamba Tabora kuna familia kumi na mbili, kuna wapishi, kuna chumba kizuri. Wazee walikuwa wamekubaliana: wangetazama sadaka ya siku ya nane, iliyo kubwa kuliko zote. Kama Mataji angelishwa inavyopasa, angebaki mlimani kwake. Kama sivyo, angeondoka nao. Nilisikia kigoda cha Bibi Kanta kikisogea, na baadaye kidogo alikuja kizingitini akaniuliza kama suji imechekechwa. Mjini hakuwa na jamaa hata mmoja, na Mataji alikuwa ndiye mtu pekee aliyekuwa naye wa kumwamsha asubuhi.

Siku ya nane wote walikuwa wamefunga tangu jana yake. Kengele ingepigwa saa sita, sadaka itolewe, ndipo wale, na jioni wapande treni, siku ya tisa iwakute njiani. Nilianza alfajiri. Nilioga mara mbili. Halua ya siku ile ilikuwa sufuria kubwa kuliko zote nilizowahi kukoroga, na mizunguko niliiongeza kulingana na uzito kama nilivyokuwa nimeandika. Ilinukia karanga ilipotakiwa kunukia, ilinguruma, ilinong’ona, ikanyamaza. Nilikuwa naiepua motoni Bwana Jayanti alipofika mlangoni, miguu mitupu, mikono nyuma. Aliitazama sufuria, akanitazama mimi. “Kila kitu salama?” aliuliza. “Salama, mzee,” nilisema. Akageuka kuondoka, na hapo, mgongo wake ukiwa bado mlangoni, mkono wangu uliinua mwiko, ukadondosha kidogo kwenye kiganja cha kushoto, nikalamba. Nimelifikiria tendo hili kwa miaka zaidi ya thelathini na sijawahi kupata kosa katika maelezo yake: mgeni alikuwa ameniuliza kama chakula ni salama, nami nilikuwa namjibu kwa namna ya kwetu. Mwiko ukarudi sufuriani wenyewe. Ilikuwa tamu barabara. Kwa muda wa pumzi moja nilifurahi, kwa sababu miezi kumi nilikuwa sijawahi kujua kwa ulimi kama nimefika pale nilipokuwa nakwenda. Kisha nikaelewa nilichofanya.

Hakuna aliyeona. Niliangalia dirishani: ziwa tu. Nilijipangia hoja kwa utaratibu, maana ndivyo nilivyo. Kiasi nilicholamba hakijai kijiko cha chai. Suji nyingine haipo, imeisha yote. Watu wana njaa, miongoni mwao wazee. Nikisema, Bwana Jayanti atakuwa amesema kweli, Mataji atapanda treni, na Bibi Kanta atabaki na chumba kitupu chenye kengele. Nikinyamaza, kila mtu atakula kwa furaha na hakuna kitakachoharibika isipokuwa ndani ya kichwa changu. Hoja zote zilikuwa upande mmoja. Upande wa pili hakukuwa na hoja, kulikuwa na yule mzee kwenye kona ya vichaka, akirudisha mguu nyuma nusu unyayo. Nikatoka nje.

Walikuwa wameketi barazani kwa mistari. Nilikwenda mbele ya Bibi Kanta, nikachuchumaa. “Bibi, nimeonja.”

Hakushtuka. Aliuliza, “Kwa mwiko au kwa mkono?”

“Mwiko hadi kiganjani, kiganja hadi mdomoni.”

“Mwiko ulirudi ndani?”

“Ulirudi.”

“Basi,” alisema, na neno lile lilikuwa fupi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema. Habari ilipita kwenye mistari kwa Kigujarati, nikaisikia inavyokwenda hadi mwisho na kurudi. Bwana Jayanti alisimama. Alinijia karibu sana, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Nani alikuona?”

“Hakuna, mzee.”

“Mimi nilikuwa pale.”

“Ulikuwa umeshageuka.”

Akawageukia wenzake, na safari hii pia alizungumza Kiswahili. “Mlima huu nimeletwa tangu nikiwa nabebwa. Nimekula kwa mikono ya wapishi wetu saba au wanane. Hakuna hata mmoja aliyewahi kutoka nje akasema neno hili.”

“Kwa sababu hawakuonja,” alisema mtu nyuma.

“Labda,” alisema Bwana Jayanti. “Miaka yote ile sijui nilikula nini. Leo najua.” Akaketi mahali pake, akakunja miguu. “Atapika tena. Tutasubiri.”

Kusubiri kulimaanisha kuikosa treni ya jioni na kukaa siku tatu hadi nyingine, na kulimaanisha njaa nyingine ya saa kadhaa. Sikumsikia mtu akilalamika. Walianza kufungua vifurushi vya safari: huyu alikuwa na suji ya kifungua kinywa, yule sukari kwenye karatasi, bibi aliyepanda ameketi alitoa kopo la samli lililofungwa kwa kitambaa. Sufuria ya kwanza iliteremshwa Bangwe, na sauti ya Bi Zaituni ilitufikia kutoka chini: “Kumbe kosa la Yeremia ndiyo karamu yetu. Akosee na kesho.” Baadhi ya mahujaji walicheka, na nikaona Bwana Jayanti anaangalia chini ili kicheko chake kisionekane. Nilioga tena, nikabadilisha shuka, nikasugua mwiko kwa majivu. Bibi Kanta alisogeza kigoda hadi kizingitini, akakaa uso ukielekea ndani, na alihesabu pamoja nami, mzunguko kwa mzunguko, bila kukosea hata mmoja. Jina la Tabora halikutajwa tena siku ile, wala siku ya treni. Nilipika mlimani miaka minne zaidi.

Kengele ilipigwa alasiri. Pazia lilifunguliwa, sadaka ikatolewa, wakaimba, kisha halua ikagawiwa kwa wote, kwanza wazee, mwisho mimi, kijiko kimoja kwenye kiganja cha kulia. Sasa ilikuwa halali kwangu kama kwa mtu mwingine yeyote. Nikaiweka mdomoni na mara moja nikajua: sukari ilikuwa pungufu, tena si kidogo, kwa kuwa ile ya kwenye karatasi haikutosha na nilikuwa nimekisia. Nilitazama nyuso. Arobaini walikuwa wanakula, na hakuna aliyeonekana kugundua, au wote waligundua. Fundi saa alikuwa amekaa karibu nami, viwiko vimepakwa manjano. Alimaliza, akalamba kiganja chake polepole, kidole kwa kidole, akaniuliza kama imebaki.